Tulikuwa 96 kwa wiketi 2, tukaishia 131. Ni biriani, ni upepo au ni mwamuzi?

NambaNne (mleta uzi)
Wadau, poleni na Jumatatu. Mimi mabega yanauma, roho ndiyo usiseme.

Jana tulicheza kriketi ya kirafiki huku Dar, ova 30 kila upande (ova moja ni mipira sita), uwanja wa shule. Wapinzani walianza kupiga saa tatu na nusu asubuhi, wakatoka na mikimbio 153, yaani alama. Tukala. Saa sita na nusu tukaanza kufukuza, na hadi ova ya 18 tulikuwa na 96 kwa wiketi 2, yaani wapigaji wawili tu ndio wametoka. Yaani tunadaiwa mikimbio 58, ova 12 ziko mkononi, wiketi nane zimelala tu. Hata bibi yangu angemalizia na mkongojo wake.

Tukanywa maji. Baada ya maji, wiketi nane zikaondoka kwa mikimbio 35. Tukalala kwa 22.

Hii ni mara ya tatu mwaka huu, na kila mara ni saa hizohizo. Naomba wenye uzoefu wa kriketi ya wikendi waniambie tatizo liko wapi. Mimi langu nimeshaliona: mwamuzi. LBW nne (mpigaji kutolewa kwa sababu mguu wake umezuia mpira uliokuwa unakwenda kwenye vijiti) ndani ya ova tisa, wapi na wapi?

Mpenda Pilau
Mlikula nini?

NambaNne
@Mpenda Pilau biriani ya kuku, kachumbari, na soda. Wenyeji ndio walioandaa.

Mpenda Pilau
Kesi imefungwa. Mods fungeni uzi.

Kipa Mstaafu
Nimecheza miaka 22, nimevunjika vidole vitatu, kwa hiyo nisikilizeni. Biriani ni kisingizio. Swali langu kwa mleta uzi ni moja tu: huyo mwamuzi wa LBW nne alikuwa wa upande gani? Maana mechi za wikendi ninazozijua mimi, timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi.

NambaNne
@Kipa Mstaafu alikuwa wa kwetu. Tulikuwa tunapokezana. Lakini hilo halibadilishi kitu.

Kipa Mstaafu
😂😂😂 Mmetolewa na mtu wenu wenyewe halafu unalalamikia mwamuzi! Hii nimeiona sana. Mtu ametoka kwa sifuri, ana hasira, mnampa koti jeupe akasimame. Anainua kidole kama mwanafunzi anayejua jibu.

Sheria Mkononi
Tuweke sheria mezani kwanza. LBW ina masharti. Mpira ukidunda nje ya kijiti cha upande wa miguu, hakuna LBW, hata kama ungeng'oa vijiti vyote vitatu. Ukidunda nje upande wa pili na mpigaji alijaribu kuupiga kwa dhati, lazima umguse akiwa kwenye mstari wa vijiti. Kama hakujaribu kupiga, hapo anaweza kutoka hata kama umemgusia nje ya mstari. Sasa mleta uzi atuambie, hizo nne zilidunda wapi?

NambaNne
Ya kwangu ilidunda nje ya miguu. Naapa.

Mwanafizikia Uchwara
Acheni mwamuzi, angalieni saa. Mchana Dar upepo wa bahari unapanda. Asubuhi mpira unakwenda mnyoofu, mchana unaanza kupinda hewani. Mpira wenye upande mmoja unaong'aa, ukiachiwa huku mshono umeelekezwa kwa slipu (wadakaji wanaosimama pembeni ya kipa), hewa upande wa mshono inavurugika na kuung'ang'ania mpira muda mrefu zaidi kabla ya kuachia. Upande laini inaachia mapema. Mpira unavutwa kuelekea kule mshono unakoelekea. Mkiwa mmezoea mpira mnyoofu kwa ova 18, mnapiga hewa.

Jogoo la Upanga
Na unyevu je? Sisi tuliambiwa Dar mpira unapinda kwa sababu ya unyevu, hewa inakuwa nzito.

Mwanafizikia Uchwara
@Jogoo la Upanga hapo wengi tunadanganyana. Hewa yenye mvuke wa maji ni nyepesi kuliko hewa kavu, siyo nzito. Kuna mtaalamu wa NASA anaitwa Rabindra Mehta, amechunguza mpira wa kriketi kwa miaka mingi kwenye mitambo ya upepo, na yeye hakubaliani kabisa na hadithi ya unyevu. Lakini mwulize mrusha mpira yeyote wa pwani, atakwambia unyevu. Chagua wa kumwamini.

Mjomba Kaskazi
Mimi nawaamini warushaji. Huyo mtaalamu hajawahi kurusha mpira Tanga mwezi wa tatu.

Fundi Mkeka
Habari wakuu. Mimi natandika mikeka ya kriketi, kwa hiyo niongee kidogo. Mleta uzi, mlichezea nyasi au mkeka?

NambaNne
Mkeka juu ya zege.

Fundi Mkeka
Basi sikiliza. Mkeka wa makumbi unatandikwa asubuhi ukiwa na umande kidogo, unavutwa hadi unakaza kama ngoma, unapigiliwa vigingi pembeni. Ukikaza, mpira unadunda juu, unafika kiunoni, LBW hakuna. Jua likiwaka unakauka, warushaji wanaukanyaga ova 40 na kitu, vigingi vinalegea. Mkeka uliolegea unameza mpira. Unadunda chini, unakuja kwenye kifundo cha mguu. Hapo LBW zitakuja tatu, nne, tano, na mwamuzi hana kosa. Kwa kawaida mapumziko ya chakula mtu anapita kuukaza tena. Aliukaza nani jana?

NambaNne
@Fundi Mkeka wote tulikuwa tunakula.

Mpenda Pilau
Tumerudi palepale, BIRIANI.

Mzalendo254
Wabongo mko na drama. Huku Nairobi tunaporomoka bila biriani na bila upepo wa bahari, tena juu kwenye futi elfu tano na ushee. Kuporomoka ni ugonjwa wa kichwa, bana. Mmoja akitoka, anayeingia miguu inatetemeka, na wa tatu ashatoka kabla hajafunga glavu. Mnakumbuka Kombe la Dunia kule Pune, India, tarehe 29 Februari 1996? Kenya tulipata 166 tu, watu wakaanza kutuhurumia. West Indies wakaingia na majina yao makubwa, wakaisha 93. Lara, nyota wao wa kupiga, alitoka na 8, kapiga ukingo, kipa wetu Tariq Iqbal akaudaka, na siku ile yeye mwenyewe alikuwa anahangaika kudaka. Rajab Ali ndiye aliyerusha. Sasa hao walikula biriani ya nani?

Jogoo la Upanga
Wakenya kila uzi 1996 na 2003. Uzi ukiwa wa mapishi ya maandazi bado mtaleta 2003.

Mzalendo254
@Jogoo la Upanga nusu fainali ya Kombe la Dunia si maandazi, mtu wangu. Nyinyi leteni yenu.

Jogoo la Upanga
Yetu ni ya pamoja. 1975, timu ya Afrika Mashariki, Kombe la Dunia la kwanza kabisa. Kenya, Uganda na Tanzania.

Sheria Mkononi
@Jogoo la Upanga na Zambia. Kila mtu anaisahau Zambia.

Jogoo la Upanga
Sawa, na Zambia.

Mzalendo254
Na mechi zote tatu tulichapwa. New Zealand, India, England. India hawakupoteza hata wiketi moja, na England walituacha na 94. Hiyo ndiyo historia unayoleta? 😂

KlaBoy256
Nawasalimu kutoka Kampala, Kiswahili changu muniwie radhi. Mukitaka kuongea kuporomoka, Uganda tuko na cheti. Juni 2024, Kombe la Dunia la T20 (ova 20) kule Guyana, West Indies walitutoa kwa 39. Lakini siku chache mbele ya hiyo tulishinda Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, alirusha ova 4 akatoa mikimbio 4 pekee na kuchukua wiketi 2. Kwa hiyo mimi ninasema wazee wanaua. Mleta mada, kulikuwa mzee pale?

NambaNne
@KlaBoy256 sasa umenikumbusha. Kulikuwa na mzee mmoja, hakuonekana asubuhi yote. Baada ya maji ndiyo akapewa mpira. Anarusha polepole, juuu, unaweza kusoma gazeti ukingoja ushuke.

Kipa Mstaafu
Uzi unaanza kunoga. Kwa nini hukusema mwanzo?

Binti Daftari
Jamani mimi nilikuwa pale, ndiye niliyeandika alama. Kaka NambaNne, shikamoo. Sikutaka kuingia huku lakini naona mambo yanapindishwa, na daftari liko mapajani kwangu.

Kwanza, LBW hazikuwa nne. Zilikuwa tatu. Ya nne unayoihesabu ni ya kwako, na wewe hukutoka kwa LBW. Mpira uligusa pedi, halafu ukaangusha vijiti. Nimeandika vijiti.

Pili, wiketi ya kwanza baada ya maji haikuwa ya mrushaji yeyote. Ilikuwa ranauti, yaani vijiti viliangushwa mpigaji akiwa bado anakimbia. Opena wetu (mpigaji wa kufungua) mwenye 47, aliyekuwa anapiga vizuri kuliko wote, alitoka kwa ranauti mpira wa tatu tu baada ya maji. Aliyeita "njoo" halafu akarudi ni nani? Daftari halina sehemu ya kuandika hilo, lakini nililiona kwa macho.

Hesabu kamili ya hizo nane: LBW tatu, vijiti vitatu, kudakwa mmoja, ranauti moja.

Kipa Mstaafu
😂😂😂😂 Nimeweka simu chini nikacheke kwanza.

Mpenda Pilau
Kumbe uzi wote huu ni wa kuficha ranauti!

NambaNne
Marahaba dada. Nilisema "njoo" nikaona mpira uko karibu nikasema "baki". Yeye ndiye hakusikia. Kulikuwa na upepo.

Mwanafizikia Uchwara
Nilisema upepo 😎

Sheria Mkononi
Wenye kushiba "njoo" na "baki" zinatoka mdomo mmoja.

Mzalendo254
Nimewaambia ni kichwa. Opena aliyezoea mpira akitoka kizembe vile, wengine wote wanaingia na hasira za mwenzao badala ya kuangalia mpira. Angalieni India, Desemba 2020 Adelaide dhidi ya Australia, walitolewa kwa 36. Ile timu ilikuwa na kila kitu. Wakaja wakaushinda mfululizo wote mbili kwa moja. Uwezo walikuwa nao, siku ile kichwa ndicho kilikuwa likizo.

Muskati Mjini
Assalaam aleikum. Mimi niko Oman, mama yangu mtu wa Unguja. Huku mechi zetu ni Ijumaa asubuhi mapema, maana kiangazi jua likipanda hapakaliki. Tunachezea zege na mkeka, pembeni mchanga na mawe tupu. Chakula tunakula baada ya mechi, kabla yake ni chai ya maziwa na mkate. Na tunaporomoka vilevile. Kwa hiyo nadharia ya biriani kwangu haisimami.

Nadharia yangu ni maji yenyewe, yale mapumziko. Mpigaji yumo kwenye mdundo wake, unamtoa, anakaa, anaanza kupiga soga, mtu anamwambia "bado 58 tu". Akirudi amepoa. Sisi nahodha wetu amepiga marufuku kutaja idadi wakati wa maji.

Mjomba Kaskazi
@Muskati Mjini wa'aleikum salaam. Babu yangu alikuwa akisimulia kriketi ya Mnazi Mmoja Unguja, enzi za Mwingereza. Watu wanacheza mchana kutwa, wanasimama kunywa chai, wanarudi. Hakuwahi kutaja kuporomoka. Labda kwa sababu aliyesimulia ni aliyekuwa anauza njugu pembeni.

Jogoo la Upanga
Hii babu yako ni chai.

Mjomba Kaskazi
Chai ya kriketi au chai ya humu?

Jogoo la Upanga
Zote mbili, na maziwa.

Mpenda Pilau
Turudi kwenye hoja. @Muskati Mjini, kutokula kwenu hakufuti kesi yangu. Fikirieni hivi: maopena wanakula kidogo kwa sababu wanajua wanaingia sasa hivi. Ndizi mbili na maji. Wao ndio waliofikisha 96. Waliobaki wanakaa kivulini kwa zaidi ya saa nzima na sufuria iko karibu. Namba sita hadi kumi na moja wamekula mara mbili. Binti Daftari, nakosea?

Binti Daftari
Hukosei. Namba saba alikuwa na sahani mapajani wiketi ilipoanguka. Halafu wiketi ya tano ilipoanguka zamu ikafika yake, hakuonekana. Alikuwa msalani. Tulingoja kama dakika tano hivi.

Jogoo la Upanga
Dakika tano! Angetolewa kwa kuchelewa. Sheria ni dakika mbili. Si mnakumbuka Angelo Mathews wa Sri Lanka, Novemba 2023 kule Delhi? Kamba ya helmeti ilikatika, Shakib wa Bangladesh akadai, jamaa akatoka bila kupokea mpira hata mmoja.

Sheria Mkononi
@Jogoo la Upanga mbili zilikuwa kanuni za lile Kombe la Dunia. Sheria za kriketi zenyewe zinatoa dakika tatu. Na hata zikipita, lazima wapinzani wadai. Wasipodai, mwamuzi ananyamaza. Mathews alikuwa wa kwanza kutolewa hivyo katika mechi za kimataifa.

Kipa Mstaafu
Angekuwa wa kwanza kutolewa kwa sababu ya kachumbari.

MpinzaniWaJana
Wakuu salaam. Mimi ni wa timu nyingine, niliyetumiwa uzi huu na watu watatu tofauti. Hatukudai kwa sababu namba saba tunamjua, ni shemeji yetu, na sote tulikuwa tunacheka.

Ninyoshe mambo mawili. Yule mzee hakufichwa. Alichelewa, alikuwa misa ya pili, akafika tukiwa tumeshakula. Nahodha akampa upande wa mabondeni makusudi, jua linakuwa nyuma ya kichwa chake. Mpira ukipanda juu, mpigaji anaangalia jua. Vijiti vitatu vyote ni vyake. Hakuna kupinda wala nini, mzee hata mshono haujui.

La pili hamjalisema, na nashangaa. Mpira ulibadilishwa.

Mwanafizikia Uchwara
Eti nini?

MpinzaniWaJana
Ova ya 17 opena wenu alipiga siksi (mpira uliovuka mpaka bila kudunda), mpira ukaingia mtaroni nyuma ya ukuta. Watoto wakasema wameuona, wakataka elfu mbili, tulipotoa elfu wakasema hawaujui. Tukachukua mwingine kwenye begi.

Sheria Mkononi
Mpira wa badala unatakiwa uwe umechakaa sawa na uliopotea. Waamuzi ndio wanaochagua. Nani alichagua?

NambaNne
Mwamuzi wetu. Yule wa LBW.

Kipa Mstaafu
Huyu mtu ni wakala 😂

Mwanafizikia Uchwara
Hapo sasa! Ule wa zamani ulikuwa umelainika, hauna mng'ao. Wakileta wenye upande mmoja bado unang'aa, kupinda kunaanza upya. Mlikuwa mnaupaka mate?

MpinzaniWaJana
Jasho tu. Mate yalikatazwa tangu corona.

Sheria Mkononi
Ndiyo, 2020 kwa muda, na sheria za Oktoba 2022 zikalifanya la kudumu. Nafurahi kuna mtu wa wikendi anayelijua.

MpinzaniWaJana
Na mpira wenyewe ulikuwa mzee kuliko ule wa kwanza. Ulikuwa umevimba kwa mvua ya mwezi wa nne. Haukupinda hata nyuzi moja.

Fundi Mkeka
Mpira uliovimba ukikutana na mkeka uliolegea, haudundi. Mnaona? Nyote mnazunguka, mnarudi kwangu.

KlaBoy256
Mimi ninabaki kwa mzee.

Mzalendo254
Na mimi kwa kichwa. Ranauti ilikuja mpira wa tatu, mzee hajarusha, mpira mpya haujapinda, mkeka haujahusika.

Mpenda Pilau
Na aliyeita "njoo, baki" alikuwa ameshiba.

NambaNne
Mimi nilikula robo sahani!

Binti Daftari
Kaka.

NambaNne
Nusu.

Muskati Mjini
Naomba kuuliza kitu kimoja. Hizo mara nyingine mbili mlizoporomoka mwaka huu, mwamuzi alikuwa huyohuyo? Mkeka uleule? Mlikula?

NambaNne
Mara ya kwanza ilikuwa uwanja wa nyasi, tulikula chipsi kuku, mvua ilitishia tukawa tunaharakisha. Mara ya pili hatukula kabisa, wapishi walichelewa, tukaporomoka tukiwa na njaa. Mwamuzi sikumbuki.

Mpenda Pilau
Njaa nayo ni chakula kwa upande wa pili.

Kipa Mstaafu
@Binti Daftari una daftari la mechi hizo mbili?

Binti Daftari
Ninalo la ile ya njaa. Ngoja niangalie usiku, saa hizi niko kazini. Ninachokumbuka ni ranauti mbili, na mmojawapo wa waliokuwa wanakimbia alikuwa namba nne. Nitathibitisha.

NambaNne
Mods, fungeni uzi.

Mpenda Pilau
Usifungwe! Marudiano lini?

MpinzaniWaJana
Jumapili ijayo, kwenu. Mzee ameomba tuanze saa tano ili awahi misa bila haraka. Na mnapika nyinyi.

Fundi Mkeka
Nitakuja na nyundo. Nauli tu.

NambaNne
Karibu. Kuhusu chakula kamati inakaa kesho. Kuna wanaotaka wali maharage, kuna wanaosema tule baada ya mechi kama Oman. Opena anasema hatapiga na mimi tena, anataka niingie namba nane.

Kipa Mstaafu
Basi badilisha jina la humu.